Maji Moto Yanayopotelea Ndani ya Tangi

Malalamiko kuhusu tangi la sola katika magharibi mwa Kenya ni yale yale, uwe Myanga, uwe Bungoma mjini, uwe Kitale ambako baridi ya alfajiri huingia mpaka mifupani. Jua limewaka mchana kutwa. Saa moja jioni mtu wa kwanza anaoga maji yanayomlazimu kuongeza ya baridi. Wa pili anaoga vizuri. Wa tatu anapata uvuguvugu, na wa nne anarudi jikoni kuwasha meko. Fundi anaitwa, anapanda juu ya mabati, anapangusa mirija ya kioo, kisha anashuka na uamuzi: tangi ni dogo, nunueni kubwa zaidi.

Mara nyingi tangi si dogo. Joto lililokusanywa mchana bado limo humo, karibu lote. Shida ni kwamba limevurugwa.

Hesabu yake haihitaji digrii. Chukua tangi la lita 200. Lita 50 za juu zina nyuzi 65 za Selsiasi, na lita 150 za chini ni maji ya bomba ya nyuzi 20. Ukichota za juu peke yake na kuzipoza kwenye ndoo hadi nyuzi 40, ambazo wengi huzipenda kwa kuoga, unapata lita 112, yaani ndoo 11 za lita kumi kumi. Familia nzima inalala safi. Sasa chukua tangi lilo hilo, uyakoroge maji yote. Yanatulia kwenye nyuzi 31. Hakuna joto lililotoroka kwenda angani. Mwanafizikia akipima atakuta kiasi kile kile cha nishati. Ila ndoo za kuoga ni sifuri, na tokeni za umeme zinaanza kuliwa ili kupandisha maji ambayo jua lilikuwa limekwisha kuyapasha.

Kwa hiyo joto halihesabiwi kwa wingi wake tu. Mahali lilipo ndani ya tangi napo ni mali, na mali hiyo huibwa na fundi bomba asiyejua kwamba anaiba.

Maji yakipata moto hutanuka. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 ina gramu 998. Lita ya maji ya nyuzi 65 ina gramu 980 na ushei. Tofauti ya gramu 18 hivi ndiyo inayoyafanya ya moto yaelee juu ya ya baridi, bila ukuta wala kizuizi chochote katikati. Baina yao huwa na ukanda mwembamba ambamo joto hushuka ghafla, na maji yakiachwa yatulie, ukanda huo hudumu kwa saa nyingi, kwa sababu maji yasiyotikiswa hupitisha joto polepole mno. Lakini gramu 18 ni nguvu ndogo. Maji ya bomba yanayoingia kwa kishindo huishinda mara moja.

Hapo ndipo ninapomlaumu fundi kuliko kiwanda. Angalia jinsi matangi mengi yanavyofungwa. Bomba la nusu inchi linaleta maji baridi kutoka tangi jeusi la plastiki lililo juu zaidi, na mdomo wake unatazama juu. Kila mtu anapofungua shawa, mchirizi wa maji baridi unapaa kama chemchemi hadi kwenye maji ya moto na kuyavuruga. Dawa yake ni rahisi hata inaudhi kuitaja: bomba la kuingizia liwe pana, liingie chini kabisa, mdomo wake ugeuzwe kando au chini, na mbele yake pawekwe kibati cha kuvunja kasi. Wengine hutumia kipande cha bomba kilichotobolewa matundu mengi, kimelazwa sakafuni mwa tangi ili maji yaingie yakitambaa. Maji ya kutumia yachotwe juu kabisa. Gharama ya yote hayo haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya tangi jipya.

Kisha kuna umbo. Tangi lililosimama lina kimo, na kimo ndicho kinachoyapa matabaka nafasi. Matangi mengi ya sola hulazwa juu ya paa, kwa sababu hupokea upepo kidogo na hupendeza macho, lakini tangi lililolazwa lina kina cha nusu mita tu kati ya moto na baridi. Mwenye nafasi ya kulisimamisha na alisimamishe. Na koili ya umeme ya kusaidia siku za mawingu isiwekwe chini. Ikiwekwa chini hupasha tangi zima, lita 200 kwa ajili ya mtu mmoja anayetaka ndoo mbili. Ikiwekwa kwenye theluthi ya juu, inapasha theluthi hiyo tu na kuliacha jua la kesho limalizie sehemu ya chini.

Kuna kosa jingine linalotokea pale penye pampu, katika hoteli na shule za bweni. Pampu kubwa huonekana kama kazi nzuri: maji yanazunguka haraka kati ya paa na tangi, kila kitu kinanguruma. Matokeo yake ni mchanganyiko wa siku nzima. Watafiti wa Ulaya, akiwamo Simon Furbo wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, walionyesha miongo kadhaa iliyopita kwamba mfumo unaosukuma maji polepole, kidogo kidogo, huleta maji ya moto zaidi juu ya tangi na kuyaacha yatulie. Pampu ndogo, bili ndogo, maji moto zaidi. Ni vigumu kumshawishi mteja aliyelipia pampu kubwa.

Serikali nayo iliwahi kusukuma jambo hili, ingawa kwa upande wa paa pekee. Kanuni za mwaka 2012 za kupasha maji kwa nguvu za jua zilitaka jengo lolote linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku litoe angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa jua, na wenye majengo ya zamani wakapewa miaka mitano kujirekebisha. Ubishi haukukosekana. Kinachonisumbua mimi ni kwamba mjadala mzima ulihusu ukubwa wa mitambo juu ya paa, na nadra sana kumsikia mtu akiuliza maji yanaingilia wapi kwenye tangi.

Sasa tuingie kwenye nta inayowekwa ndani ya tangi ili kutunza joto, maana huko ndiko wauzaji wanakoelekea.

Barafu ikiyeyuka hula joto jingi bila kupanda hata nyuzi moja. Kilo moja ya barafu ya nyuzi sifuri huhitaji kilojuli 334 ili iwe maji ya nyuzi sifuri. Joto hilo lingetosha kuyapandisha maji hayo hadi karibu nyuzi 80. Nta ya mishumaa hufanya vivyo hivyo kati ya nyuzi 50 na 60 hivi, ikila takriban kilojuli 200 kwa kilo, na nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa Mlima Elgon wanaifahamu vyema, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Mafuta ya nazi ya Pwani huganda kunapopoa chini ya nyuzi 24. Zipo pia chumvi zenye maji ndani yake, kama asetati ya sodiamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 58. Ukiweka vitu hivi kwenye vifuko au mikebe iliyozibwa, ukaitumbukiza ndani ya tangi, mchana vinayeyuka na kuficha joto. Usiku, maji yakipoa, vinaganda na kulirudisha.

Wazo si geni. Mwaka 1948 Mária Telkes, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, alishirikiana na msanifu Eleanor Raymond kujenga nyumba huko Dover, Massachusetts, iliyopashwa joto na jua pekee. Ghala lake la joto lilikuwa mapipa yaliyojaa chumvi ya Glauber, inayoyeyuka kwenye nyuzi 32. Majira machache ya baridi yalipopita, mfumo ulishindwa. Chumvi ile, kila ilipoyeyuka, iliacha sehemu nzito ikizama chini ya pipa, na sehemu hiyo haikupanda tena kuungana na maji ili igande upya. Yaani matabaka, ambayo katika maji ya kuoga ni rafiki, katika pipa la chumvi yalikuwa ndiyo maradhi yenyewe.

Miaka zaidi ya 50 baadaye wazo lilirudi likiwa limenyooka. Mwaka 2003 Harald Mehling wa Ujerumani, Luisa Cabeza wa Chuo Kikuu cha Lleida nchini Hispania na wenzao walichapisha majaribio ya tangi la matabaka ambamo kitu cha kuyeyuka kiliwekwa juu tu, mahali maji yanapochotwa, na kilichukua sehemu moja ya kumi na sita ya ujazo wa tangi. Sehemu ya maji ya juu ilibaki na joto kwa muda mrefu zaidi, kati ya asilimia 50 na 200 kuliko bila kitu hicho. Baadaye kundi la Lleida lilichanganya asetati ya sodiamu na grafaiti, kwa kuwa nta na chumvi hupitisha joto kwa uvivu na grafaiti huyaharakisha mambo.

Nimeyataja kwa heshima, lakini mwenye nyumba wa Myanga asikimbilie dukani. Hesabu hii ndiyo wauzaji hawaionyeshi. Lita ya maji ikitoka nyuzi 20 hadi 65 hubeba kilojuli 188. Lita ya nta, kwa safari hiyo hiyo, ukijumlisha kuyeyuka na kupanda joto, hubeba kama kilojuli 240. Faida ni zaidi kidogo ya robo, kwa kitu cha gharama, kinachotaka mikebe isiyovuja, kinachopokea joto polepole, na kinachoweza kuwaka moto kikipashwa ovyo na mtu anayejaribu mwenyewe kwenye sufuria. Lita 60 za ziada za maji zinaleta faida ile ile kwa mwenye tangi la lita 200, na maji hayauzwi kwa kilo.

Mambo hubadilika pale nafasi ya joto inapokuwa finyu. Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ndani ya nafasi hiyo ya nyuzi sita, lita ya maji hubeba kilojuli 25 tu. Lita hiyo ikiwa barafu, hubeba mara 13 ya hapo. Kwa kuoga, nta ni anasa. Kwa zahanati, barafu ni jambo la uhai. Hii ndiyo maana ya friji za chanjo zinazotumia sola bila betri, ambazo sasa zimeenea katika vituo vya afya vya Afrika: jua la mchana hugandisha barafu ukutani mwa friji, na barafu hiyo hulinda chanjo usiku na siku za mvua. Betri, ambazo ndizo zilizokuwa zikifa kwanza, zimeondolewa.

Lakini barafu ina hatari yake: chanjo kama ile ya pentavalenti ikiganda huharibika kabisa, na haionyeshi kwa macho. Mtu anawezaje kuwa na barafu jirani na kitu kisichopaswa kuganda? Jibu lililonivutia kuliko yote lilitoka kwa mvumbuzi Ian Tansley wa Tywyn, mji mdogo wa Wales, katika friji iliyoitwa Sure Chill. Maji yana tabia ya ajabu: huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Yakipoa chini ya hapo huanza kuwa mepesi tena, na barafu yenyewe huelea. Tansley aliweka barafu juu ya tangi la maji, na chumba cha chanjo chini, kikizungukwa na maji hayo. Maji ya nyuzi 4 huzama na kukizunguka chumba. Yakipata joto kidogo hupanda, hugusa barafu, hupozwa, huzama tena. Umeme ukikatika kwa siku kadhaa, chumba hukaa pale pale karibu na nyuzi 4, bila feni, bila kompyuta ya kuamua. Matabaka na kuyeyuka vimefungwa katika pipa moja, na kinachovisimamia ni uzito wa maji peke yake.

Ukifuata barabara ya malori kupita Malaba, ukavuka Uganda, unafika mahali ambapo jambo hili lilijaribiwa kwa ukali zaidi. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, Kivu Kaskazini, ikaenea Beni, Butembo na kwingineko, na haikutangazwa kumalizika katika eneo hilo hadi Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Chanjo ya wakati huo ilitaka kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, katika vijiji ambako hata taa ya umeme ni nadra. Ilisafirishwa ndani ya chombo kiitwacho Arktek, kilichokuwa kimetumika pia Guinea na Sierra Leone mwaka 2015. Kwa chanjo za kawaida chombo hicho hupakiwa barafu ya maji na kulinda shehena yake kwa zaidi ya mwezi. Kwa Ebola waliondoa maji, wakaweka kiowevu chenye alkoholi kinachoganda kwenye baridi kali ile, nacho kikatunza chanjo kwa siku kadhaa kikiyeyuka taratibu. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Hakuna mtambo uliokuwa ukizunguka ndani ya chombo hicho.

Turudi nyumbani, kwenye maziwa. Bungoma na Trans Nzoia ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na mfugaji mdogo ana hasara moja ya kila siku: maziwa ya jioni. Hukamuliwa yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, hakuna gari la ushirika usiku, na kufikia asubuhi yameshachacha au yanakataliwa kwenye kipimo. Kampuni ya Marekani ya SunDanzer ilileta Kenya friji ya sola ya wafugaji wadogo ambayo, badala ya betri, ina kitu cha kuyeyuka na kuganda. Chuo Kikuu cha Hohenheim cha Ujerumani kilichagua njia ya kawaida zaidi, na kilijaribu Tunisia na Kenya: friji ya sola inagandisha maji mchana katika mikebe, na jioni mkebe wa barafu unatumbukizwa ndani ya mtungi wa maziwa uliofunikwa vizuri. Ili kuyashusha maziwa lita 30 kutoka nyuzi 36 hadi 15, hesabu inatoa kilo sita au saba za barafu. Hiyo inatosha kuchelewesha bakteria hadi gari la asubuhi.

Hapa tena matabaka yanageuka. Barafu ya maziwa inapaswa kukaa sehemu ya juu ya mtungi. Ikizama chini, maziwa ya chini hupoa na kubaki huko huko, ya juu yanabaki na uvuguvugu, na ni ya juu yatakayochachusha mengine yote. Ikikaa juu, maziwa yaliyopozwa huzama na kuyapandisha ya moto, mtungi unajikoroga wenyewe. Kwenye tangi la kuoga tunataka kinyume: moto uingie juu, baridi chini, na pasiwe na mkorogo. Anayeelewa jambo hilo moja tayari anaweza kuwakosoa nusu ya mafundi wa mtaani.

Yupo pia anayetaka zaidi ya kuoga na kupoza: anataka kupika usiku kwa jua la mchana. Chuo Kikuu cha Makerere na kile cha Dar es Salaam vimeshirikiana kwa miaka mingi na wenzao wa Trondheim, Norwei, katika majiko ya sola yenye akiba ya joto. Baadhi hutumia chumvi za naitreti zinazoyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi. Huko Makerere, Denis Okello, Ole Jørgen Nydal na Eldad Banda walitumia kitu rahisi kuliko chumvi, yaani mawe. Hewa ya moto hupulizwa kwenye pipa lililojaa kokoto, kutoka juu, na joto hujipanga kwa matabaka kama katika maji. Mwaka 2014 walichapisha utafiti wa namna matabaka hayo yanavyofifia pipa likiachwa limesimama, joto la juu likiteremka kimyakimya kwenda chini bila kutoka nje, mpaka hakuna sehemu iliyobaki na moto wa kupikia. Ni tangi la Myanga lile lile, ila kwa mawe.

Mawe hayana upungufu katika nchi hii, na Bungoma ina bahati ndogo ya mwinuko: mita 1,400 hivi juu ya bahari maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo lengo ni la chini kidogo kuliko Mombasa. Kigumu ni kasi ya kulitoa joto. Akiba inaweza kuwa kubwa na bado ikatoa moto wa kuchezea, na wapishi wa Kibukusu hawapiki busuma, yaani ugali, kwa moto wa kuchezea: maji yatokote kweli kweli, unga uingie, mwiko ugeuzwe kwa nguvu huku sufuria ikinguruma. Okello na wenzake walirudi kwenye suala hilo la kulichota joto katika utafiti wao wa mwaka 2016.